Uzi maalumu: Tuliokulia vijijini Usukumani miaka ya 70 na 80, tukutane hapa

Mchunga Ndama (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Kuna uzi mmoja mrefu wa Wachagga wanakumbushana mambo ya mbege na vihamba, nimeusoma mpaka mwisho nikaingiwa na wivu. Sisi Wasukuma ndio wengi kuliko kabila lolote nchi hii, lakini likija suala la kuandika tunaachia wengine. Basi naanza mimi.

Nimezaliwa mwishoni mwa miaka ya 60 huko Maswa, kijiji ambacho ukishuka na treni Malampaka usiku unalala stesheni mpaka kupambazuke ndipo uanze mguu. Babu mzaa baba alikuwa na mji mkubwa: wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, zizi katikati, minyaa imezunguka pande zote. Mtoto wa kiume kazi yake ya kwanza pale ni ndama. Kaka zako wanakwenda na ng'ombe wakubwa mbali huko mbugani, wewe unabaki karibu na mji na sharti moja tu: ndama wasikutane na mama zao kabla ya kukamuliwa.

Nani humu anajua maana ya ndama kunyonya? Jioni imefika, wewe umeshikwa na isolo, bao la kwetu, chini ya mti, vishimo mmechimba ardhini, kete ni vijiwe, na leo ndiyo kwanza unamfunga mwenzako. Unashtukia vumbi hilo hapo. Ndama wamenyanyua mikia wanakimbilia mama zao. Utakimbia na kifimbo chako, utamvuta mmoja sikio, wengine wote wameshaingia chini ya viwele wanapiga vichwa mpaka povu linawatoka mdomoni. Usiku huo mji mzima hakuna maziwa, na kila mtu anajua sababu ni nani. Bibi mkubwa hakuwa anapiga. Alikuwa anakuwekea ugali mkavu mbele yako, anakuambia kwa upole kabisa, "Mboga kamwombe ndama." Fimbo ya babu ilikuwa afadhali mara mia.

Ule mji ulikufa 1974. Novemba 1973 Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba kuishi kwenye vijiji vya pamoja si hiari tena, ni amri, na ikifika mwisho wa 1976 kila mtu awe ameshahamia. Kwetu tuliita "operesheni" tu. Nilikuwa mdogo, lakini naliona mpaka leo mkokoteni wa ng'ombe umebeba nguzo za nyumba ya bibi mdogo, na juu ya nguzo kuku wamefungwa miguu. Tukapelekwa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama askari gwaride. Babu alikata matawi ya minyaa kwenye mji wa zamani akaenda kuyachomeka huko kupya siku hiyohiyo, kabla hata hajaezeka.

Kilichomuuma babu si nyumba. Nyumba ya miti na udongo unajenga tena. Kilichomuuma ni zizi. Msukuma anajua kwamba pale zizi lilipokaa miaka kumi, ishirini, ndipo ardhi yenye mahindi ya kweli, ukihamisha ng'ombe unalima palepale. Tumeacha samadi ya miaka yote, tunakwenda kuanza kwenye kichanga. Na ng'ombe wa kijiji kizima wakawa wanalishwa sehemu moja na kunywa lambo moja. Mwaka wa pili hapakuwa na jani.

Sitasema uongo lakini: shule nayo ilikuja karibu. Mwaka 1977 UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza niliingia darasa la kwanza. Kule mahameni nisingesoma, ningekuwa mchunga ng'ombe mstaafu sasa hivi.

Nitaendelea. Wengine karibuni.

Kahama Mjini

Naweka kambi hapa. Mkuu tiririka. Mimi wa miaka ya 90, hayo mambo ya operesheni mzee wangu akiyasimulia huwa anabadilika sura.

Binti wa Malya

Mleta uzi, mwadila. Nimesoma nikacheka peke yangu hapo kwenye ugali mkavu, maana na kwetu ilikuwa hivyohivyo.

Lakini kaka yangu, ulivyosimulia ni kama mji mzima ulikuwa wavulana na ng'ombe. Hayo maziwa aliyekuwa anaosha vibuyu ni nani? Samli nani aliitikisa? Nyie mmekaa kwenye isolo mpaka ndama wananyonya, sisi tulikuwa hatujui kivuli kikoje.

Ngoja nikusimulie maji. Kuanzia Agosti mpaka mvua za Novemba mto wetu ni mchanga mtupu. Jogoo wa kwanza akiwika mama anatuamsha, mimi na dada yangu mkubwa, tunakwenda gizani tumeshikana kanga kwa sababu ya fisi. Pale mtoni kila kaya ina shimo lake, limezungushiwa miiba ng'ombe wasikanyage. Dada anaingia ndani, shimo limemzidi kimo, mimi nimekaa juu na debe. Maji hayachotwi, yanasubiriwa. Yanatoka kwenye mchanga taratibu, yakijaa kiasi cha kiganja dada anateka kwa kata, ananipandishia, namimina kwenye debe kupitia kitambaa, narudisha kata. Ukiwa na haraka ukakwangua chini umeharibu, linakuwa tope na mtasubiri upya mpaka litulie. Debe moja linajaa jua limeshachomoza. Dada anajitwisha debe, mimi mtungi mdogo, tunarudi. Tukifika, maji ya kwanza kuombwa ni ya baba kunawa uso.

Halafu ndiyo shule. Tumechelewa, tunachapwa.

Jioni mtama. Mashine ya kusaga ipo lakini ni mwendo, na ina foleni, na inataka hela. Kwa hiyo ni jiwe. Unapiga magoti, jiwe dogo mikononi, kubwa limelala, unasaga ugali wa watu zaidi ya kumi. Magoti yangu yana alama mpaka leo, mjukuu wangu ananiuliza nilianguka wapi.

Halafu kuna hili ambalo wanaume hamlisemagi. Hao ng'ombe uliokuwa unawachungia ndama zao, fanya hesabu, wengi wao walikuja na shangazi zako. Binti anaolewa, ng'ombe wanaingia zizini, baada ya msimu mmoja wanatoka kwenda kumwolea kaka yake. Kaka yangu mkubwa ameoa kwa ng'ombe wa dada yule wa kisimani. Dada alikuwa darasa la saba, akafaulu kwenda sekondari, hakwenda.

Mchunga Ndama

Dada Binti wa Malya, nimekusoma.

Hilo la shangazi ni kweli tupu. Zizini kwetu kulikuwa na ukoo mzima wa ng'ombe walioitwa kwa jina la shangazi yetu mmoja. Babu akisema "leteni wale wa fulani" tunajua ni wepi. Shangazi mwenyewe aliolewa Meatu na kuja kwake ilikuwa mara moja kwa miaka kadhaa, lakini jina lake linaitwa kila asubuhi.

Niendelee na pamba, maana bila pamba Usukuma ya wakati ule haisimuliki.

Pamba haina mtoto wala mkubwa. Mbegu za kituo cha utafiti cha Ukiriguru zinagawiwa, mvua zikishika mnapanda, palizi ya kwanza, kupunguza miche, palizi ya pili, na kuanzia Mei hivi mnaanza kuchuma. Watu wa mjini wanaona picha ya pamba nyeupe wanadhani ni kitu laini. Ganda lake likikauka lina ncha, na ncha hizo zinatafuta pale ukucha unapokutana na nyama. Wiki ya pili ya kuchuma vidole vyote vina vidonda, ukinawa maji ya chumvi unaruka.

Halafu ikija nyumbani inamwagwa mkekani, watoto mnakaa kuizunguka, mnachambua. Safi upande huu, fifi upande ule. Fifi ni ile iliyoliwa na wadudu, yenye madoa ya njano, bei yake ni ya kusikitisha. Mzee mmoja jirani alikuwa anakaa juu ya kigoda na fimbo ndefu, akiona kipande cha fifi kimeruka kwenda kwenye safi anakugusa kichwani bila kusema neno. Kushindilia kwenye gunia ilikuwa kazi yetu wadogo. Unaingizwa ndani ya gunia mzimamzima, linaning'inizwa kwenye mti, wanakumwagia pamba unaikanyaga, unapanda nayo taratibu mpaka kichwa kinatokea juu. Kwenye giza lile la gunia pana joto na vumbi, unapiga chafya, lakini watoto tulikuwa tunagombania zamu.

Siku ya gulio ndiyo Krismasi. Watu wanalala pale siku hata mbili wanalinda magunia. Mnapika palepale, mnasikia hadithi za vijiji vingine. Na akishalipwa baba, ndipo unapoona rangi ya shati lako la mwaka.

Tatizo la gulio lilikuwa mizani. Mama alikuwa anapima gunia kwa kulinyanyua tu mgongoni, hakosei sana. Likifika kwa karani linapungua. Kila mwaka. Hatukuwahi kuona gunia lililoongezeka.

Mzee wa Mizani

Vijana, shikamooni zenu nazipokea mapema kwa sababu hapa naona kama natajwa mimi.

Nimekuwa karani wa kununulia pamba kwenye magulio ya wilaya mbili miaka hiyo. Kulikuwa na makarani wezi, sipingi, wengine walijenga nyumba za bati kwa mshahara ambao haununui hata misumari. Lakini mseme yote. Nyie wakulima mlikuwa mnalaza pamba nje inywe umande. Wengine mnamwagia maji kabisa. Nimeshafungua gunia nikakuta mawe mawili na kipande cha jembe katikati. Mwenyewe namuuliza, mzee hili nini, ananiambia watoto walisahau. Watoto walisahau jembe ndani ya pamba!

Na lingine. Karani ndiye anayeonekana, kwa hiyo yeye ndiye anayelaumiwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, Nyanza ikiwemo, pamba ikawa chini ya Mamlaka ya Pamba ya serikali. Hapo ndipo stakabadhi zilipoanza kuzoeleka. Nakupimia leo, nakuandikia karatasi, pesa itakuja. Pesa haiji. Gari la fedha linasubiriwa mpaka watu wanaanza kulala nyumbani kwangu. Mke wangu alikuwa anawapikia, nifanye nini? Sheria ya kurudisha ushirika ilikuja 1982, lakini imani ilikuwa imeshaondoka. Wengi walishageukia mpunga na dengu, vitu vya kuuza kwa mkono wako bila karatasi.

Mchunga Ndama

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la jembe limenivunja mbavu. Mama yangu yuko hai, nitamsomea.

Sasa redio. Kwenye kijiji chetu kipya zilikuwepo chache sana, moja ya baba mdogo, National ya betri kubwa. Betri zikichoka haziendi jalalani. Zinatolewa, zinapangwa juu ya jiwe juani tangu asubuhi, jioni zinarudishwa, redio inaongea nusu saa tena kwa sauti ya mgonjwa. Kama taarifa ya habari ni muhimu basi watoto hamgusi redio mchana kutwa. Tulichokuwa tunapewa sisi ni Mama na Mwana, na Pwagu na Pwaguzi wakubwa wakiwa na moyo mzuri.

Redio hiyohiyo ndiyo iliyotuchimbia choo. Mwaka 1973, kabla hatujahamishwa, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya watu wazima wanakaa wanasikiliza kipindi, wanajadiliana, wanachimba. Babu alikubali kila kitu isipokuwa kimoja: yeye na wakamwana zake kutumia choo kimoja. Haiwezekani, alisema, ni afadhali kichaka. Ikabidi vichimbwe viwili. Afisa akaandika kwenye daftari lake kwamba kaya hii imepita lengo.

Halafu 1978. Oktoba majeshi ya Amin yameingia Kagera, na Novemba 2 Mwalimu akazungumza. Sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Sisi watoto tulitoka pale tukaanza kumpiga Amin, yaani mtoto mmoja mnene wa darasa letu ambaye alilazimishwa kuwa Amin kila siku mpaka mama yake akaja shuleni. Baba mdogo yule wa redio alikuwa mgambo, akaenda. Ng'ombe walichangwa kulisha jeshi. Kampala ilianguka Aprili 1979, yeye akarudi baadaye amekonda, na redio kaseti mpya begani. Hakuna aliyemuuliza ameipata duka gani. Usiku alikuwa anaamka anakaa nje. Redio ile mpya hakuipenda, alimpa babu, akaendelea na National yake.

Baada ya vita tukaambiwa tufunge mkanda miezi kumi na minane.

Mnaojua, mnajua.

Kahama Mjini

Wakuu samahani, hapa mimi nauliza kwa nia njema. Wazee wetu wanasema miaka hiyo sabuni hamna, sukari hamna, nguo hamna. Lakini mlikuwa mnalima pamba, na Mwanza kulikuwa na kiwanda cha nguo Mwatex. Pamba inatoka hapo, kiwanda kipo hapo, mnavaaje viraka?

Mzee wa Mizani

Swali zuri sana mjukuu wangu, na wengi tulijiuliza hivyohivyo tukiwa tumevaa viraka.

Kiwanda kinataka vipuri, rangi, umeme, mafuta. Hivyo vinanunuliwa kwa fedha za kigeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, tukaanza kujenga upya vitu tulivyokuwa tunashirikiana na wenzetu. Vita ikala akiba. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda vibaya. Kahawa na pamba tunazouza nje hazitoshi kulipia. Kwa hiyo mashine kiwandani zipo, nyingine zimesimama zinasubiri kipuri kisicho na pesa ya kununuliwa. Kinachotengenezwa kidogo kinapita RTC, kampuni ya biashara ya serikali mkoani, kinagawiwa wilayani, kinafika duka la kijiji kikiwa kimepungua njia nzima. Kwa kijiji kizima vinakuja vitenge vya kuhesabu. Nani apate? Hapo mwenyekiti wa kijiji akawa mtu wa kusalimiwa kwa magoti.

Mchunga Ndama

Mzee amemaliza. Mimi niongeze ya jikoni. Majani ya mpapai yalifulia nguo. Kibatari kilizimwa mapema, mnakula gizani mnapapasa mboga. Unga wa njano wa msaada, ule tuliouita yanga, watu wa Simba walikuwa wanakula huku wamefumba macho. Shuleni uji wa bulga.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipoanza msako wa walanguzi, mfanyabiashara mmoja tarafani inasemekana alitupa magunia ya sukari lamboni usiku. Kesho yake watoto wote tulikwenda kuonja maji. Yalikuwa maji ya kawaida ya lambo, yenye mkojo wa ng'ombe, lakini kuna mwenzetu aliapa yana utamu, na tukarudi siku ya pili. Aprili 12 mwaka uliofuata Sokoine akafariki kwa ajali ya gari kule Dakawa. Babu yangu, ambaye serikali iliyomhamisha hakuwahi kuisamehe, alikaa nje ya nyumba siku nzima na hakula.

Mgika Halisi

Wakuu mbona mnalia sana, hakuna mtu atakayetaja ngoma? Mavuno yameisha, Juni hiyo mpaka Agosti, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, uwanja mmoja, kila upande na manju wake, dawa zimezikwa kona zote. Mshindi hahesabiwi kwa majaji, anahesabiwa kwa watu: umati ukihama kutoka upande ule kuja huku, umeshinda. Nimeona mtu anaingia uwanjani na fisi aliye hai amefungwa kamba. Umati wote ulihama. Upande wa pili wakabaki wanapigiana ngoma wenyewe. Sisi kwetu mpaka leo mtu huulizwi chama cha siasa, unaulizwa wewe Mgika au Mgalu.

Mchunga Ndama

Mgika Halisi, kwetu sote ni Wagalu kwa hiyo tutaonana uwanjani. Na yule fisi alikuwa amelishwa bangi, msitudanganye.

Binti wa Malya

Nimekuwa nasoma kimyakimya. Naomba niseme la sungusungu, kwa sababu naona litakuja tu na litasimuliwa kwa sifa.

Lina sifa zake. Baada ya vita silaha zilizagaa, wezi wa ng'ombe wakaja na bunduki, polisi wako mbali na gari halina mafuta. Mwaka 1981, 1982 hivi, sungusungu wakaanza upande wa Kahama na Nzega, wakafika kwetu upesi. Yowe likipigwa, filimbi zikajibu kijiji hadi kijiji, kila mwanaume na upinde wake, asiyetoka anatozwa faini. Wizi ulipungua kweli. Baba yangu alirudishiwa ng'ombe walioibwa, hilo sikatai.

Lakini kulikuwa na kazi nyingine. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu. Wazee wa humu mnajua hiyo maana yake nini Usukumani. Sasa jiulizeni hayo macho aliyatoa wapi. Nchi yetu mapori yalifyekwa tangu wakati wa mkoloni kumwondoa ndorobo (mbung'o), kilichobaki kikafyekwa kulima pamba. Kuni hakuna. Mwanamke anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na miti ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, tangu ana miaka saba mpaka sabini. Amewapikia nyinyi nyote. Halafu mtoto wa jirani anakufa kwa homa, mganga anatazama dawa zake, anasema mchawi ni mwenye macho mekundu.

Waliitwa vikongwe watatu kwenye mkutano. Mmoja alikatwa mapanga baada ya wiki chache, na waliomkata hawakujulikana, kijiji kizima kilichokuwa kinajua hata nyayo za ng'ombe. Mjomba wangu alikuwa anafanya kazi Mwanza, alikuja usiku na kumchukua bibi. Aliishi mjini miaka iliyobaki, jikoni kwa mkaa, na macho yakaanza kuwa meupe. Alikuwa anasema anatamani kurudi akawaonyeshe.

Kwa hiyo nyumba ya zamani tuipende, na mimi naipenda, nalia nikisikia harufu ya mvua ya kwanza kwenye mbuga. Ila mkiandika kwamba watu walikuwa wanapendana wote, mimi nitarudi hapa.

Mzee wa Mizani

Mwanangu, hayo ni kweli na nilikuwepo kwenye mikutano ya aina hiyo. Kunyamaza tulinyamaza wengi.

Mchunga Ndama

Dada, sikutegemea kulisoma hili kwenye uzi wangu, lakini libaki hapahapa. Kwetu pia alikuwepo bibi mmoja wa hivyo. Tulikuwa tunakimbia tukimwona, na ndiye aliyekuwa anatupa karanga.

Niongeze tu kwamba kuni sasa hivi kijijini kwetu zipo. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 uliwarudisha watu kwenye ngitili za wazee, unafunga sehemu ya malisho haiguswi mpaka kiangazi, miti inaota yenyewe. Mahame ya babu leo ni ngitili ya ndugu zangu. Ukipita usiku unasikia ndege ambao mimi utotoni sikuwahi kuwasikia.

Mvuvi Mstaafu

Ndugu wa Maswa mmesahau furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Sisi wa ziwani ndio tuliokuwa tunawalisha nyinyi. Furu wamekaushwa, baiskeli inapakiwa mpaka mwendeshaji haonekani, anatoka Magu anaingia huko kwenu anabadilishana na mtama. Kuanzia miaka ya 80 sangara wakajaa, furu wakakaribia kumalizwa. Watoto wangu hawamjui furu, wanajua minofu inayokwenda Ulaya na mapanki yanayobaki kwetu.

Kahama Mjini

Huu uzi ni chuo. Mniwie radhi, nina swali dogo la chakula kabla hamjalala. Mke wangu ni mtu wa Tanga, nimemletea michembe toka nyumbani akaniuliza mbona mingine ni migumu na mingine inatafunika. Nimeshindwa kumjibu.

Binti wa Malya

Shemeji ameletewa vitu viwili vimechanganywa. Michembe ni viazi vitamu vibichi, vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juani mpaka vivunjike. Hivyo ndivyo vigumu, havitafunwi, vinapikwa. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa, ndipo vikaanikwa. Hivyo vinaliwa hivihivi vikavu, watoto wanajaza mfukoni wakienda kuchunga. Mwambie atenganishe kwa kubonyeza na ukucha, kinachoingia ukucha ni tobolwa. Michembe aiosheoshe maana ina mchanga, ailoweke kidogo, achemshe mpaka ilainike, amwagie karanga zilizotwangwa, aache moto mdogo mpaka tui lishikane. Asitie sukari. Akitia sukari nitajua.